perf ya Linux: baiti 40 zilizopangwa kwa akili

Kazi yangu ni kuangalia afya ya seva za miamala hapa Dar es Salaam, na mashine inapolemewa, programu ninayoifungua kabla ya nyingine yoyote ni perf, kipimio cha utendaji cha Linux. Wengi wameshaisifu kwa ripoti zake na kwa ile michoro ya miale ya moto (flame graphs) ambayo Brendan Gregg aliianzisha mwaka 2011. Mimi nataka kuipitia kwa upande ambao haugusiwi sana: ile rekodi ndogo inayoandikwa kila mara perf inapochukua sampuli. Kipimio cha utendaji hukatiza kazi ya watu ili kichungulie kinachoendelea, na muda wote kinapochungulia, mteja anasubiri. Kwa hiyo swali la kwanza ninalokiuliza kipimio chochote ni hili: ukinisimamishia prosesa, unaandika nini, na kwa nini hicho?

Perf iliingia kwenye Linux toleo la 2.6.31, Septemba 2009, kutokana na kazi ya Thomas Gleixner na Ingo Molnár. Ni bure, na msimbo wake unakaa humo humo ndani ya mti wa msimbo wa kerneli (kiini cha Linux), kwenye folda ya tools/perf. Kwenye Fedora unasakinisha kifurushi kinachoitwa perf, kwenye Debian ni linux-perf, na kwenye Ubuntu unatafuta linux-tools inayolingana na toleo la kerneli yako. Usakinishaji hauna la kusimulia zaidi.

Sasa rekodi. Ukiendesha perf record bila kuongeza chaguo lolote, kila sampuli huwa na kichwa cha baiti 8: baiti 4 za aina ya rekodi, 2 za alama, na 2 za ukubwa. Baada ya kichwa inafuata anwani ya amri iliyokuwa ikitekelezwa, baiti 8. Halafu namba ya prosesi (programu inayoendeshwa) na namba ya thredi (tawi lake la utekelezaji), baiti 4 kila moja. Halafu muda, baiti 8. Mwisho ni matukio mangapi, kwa kawaida mizunguko ya prosesa, yamehesabiwa tangu sampuli iliyotangulia, baiti 8. Jumla ni 40. Hilo la mwisho lipo kwa sababu perf, kwa kawaida, hulenga idadi fulani ya sampuli kwa sekunde, 4,000 usipoitajia nyingine, na ili ifikie lengo hilo hubadilisha umbali kati ya sampuli na sampuli. Sampuli iliyobeba mizunguko milioni moja haiwezi kupewa uzito sawa na iliyobeba laki moja. Ukichagua umbali usiobadilika kwa chaguo la -c, uwanja huo unaondolewa, maana thamani yake inajulikana tayari. Mtu aliyeamua hivyo alizihurumia baiti 8, na mimi namheshimu kwa hilo.

Lakini ubora wenyewe unaonekana zaidi ukitazama kisichoandikwa. Jina la programu halimo. Jina la fanksheni halimo. Njia ya faili ambalo msimbo ulitoka haimo. Hayo yote ni maandishi marefu, na yote yanaweza kuulizwa baadaye. Jina la programu lina rekodi yake ya aina ya COMM, inayoandikwa pale linapobadilika. Faili linapopachikwa kwenye kumbukumbu, inaandikwa rekodi ya MMAP kusema faili gani limekaa kuanzia anwani gani hadi gani. Prosesi ikizaliwa au ikifa, kuna FORK na EXIT. Sampuli inabaki na kile tu ambacho kingepotea milele prosesa ikiendelea na safari: ilikuwa wapi, ikimfanyia kazi nani, saa ngapi. Pale kwenye mizani ya Vigwaza lori hupimwa uzito likapita; hakuna anayefungua turubai kuhesabu magunia huku foleni ikirefuka. Kuunganisha anwani na jina la fanksheni hufanyika utakapoita perf report, na unaweza kuiita kesho, kwenye mashine nyingine kabisa, wateja wakiwa wameshalala.

Ubahili huu una sababu nzito. Kwenye prosesa za x86, sampuli ya mizunguko huchukuliwa ndani ya mkatizo usiozuilika, ule unaofahamika kwa herufi NMI. Mkatizo huo unaweza kuingia wakati wowote, hata kerneli ikiwa imeshika kufuli na imezuia mikatizo mingine yote. Ndani yake huruhusiwi kusubiri kufuli, kwa sababu huenda mwenye kufuli ndiye uliyemkatiza, na hapo mashine inaganda. Huruhusiwi kuomba kumbukumbu mpya. Ukitaka kusoma ukurasa (kipande cha kumbukumbu) wa programu ambao haupo kwenye kumbukumbu kwa wakati huo, huwezi kungoja uletwe kutoka diskini. Kwa hiyo bafa, yaani eneo la kumbukumbu la kupokelea rekodi, imetengwa mapema, kila prosesa ina ya kwake, na ukubwa wa eneo la data ni kurasa ambazo idadi yake ni kipeo cha 2, ili kuzunguka kutoka mwisho hadi mwanzo kuwe ni hesabu moja ya biti. Kerneli huandika namba moja, data_head, kusema imefika wapi. Perf huandika nyingine, data_tail, kusema imesoma hadi wapi. Kila upande una namba yake, hivyo hakuna ugomvi wala kufuli kati yao. Na perf haigutushwi kwa kila sampuli. Inaweza kuamshwa bafa ikishajaa kiasi fulani.

Nitatoa mfano mmoja wa kazini. Ilikuwa mwisho wa mwezi, jioni, seva yenye prosesa 32 ikaanza kupanda matumizi wakati miamala ilikuwa ya kiwango cha kawaida. Kijana aliyekuwa zamu akaniambia, "Dada, hifadhidata imezidiwa, tuongeze mashine." Nikaendesha hii (-F ni idadi ya sampuli kwa sekunde, -a ni mashine nzima, -g ni mnyororo wa wito, yaani fanksheni ipi iliita ipi):

perf record -F 99 -a -g -- sleep 30

Namba 99 tunaitumia badala ya 100 ili sampuli zisitembee kwa mguu mmoja na kazi zinazoamka mara 100 kwa sekunde. Ripoti ilipofunguka, juu kabisa palikuwa na read_hpet, upande wa kerneli, na chini yake mnyororo wa wito ukionyesha programu karibu zote za mashine ile zikiuliza saa. Nikamwambia, "Hifadhidata haina kosa, mdogo wangu. Ni saa." Kwa kawaida kusoma saa kwenye Linux hakuingii kerneli kabisa, programu husoma kihesabio cha TSC kilicho ndani ya prosesa. Kerneli ikikosa imani na TSC huhamia HPET, ambayo iko nje ya prosesa, ni ya polepole, na lazima ipitie kerneli kila mara. Kwenye dmesg, daftari la ujumbe wa kerneli, ulikuwepo mstari unaosema TSC imetiwa alama kuwa haiaminiki, na faili la current_clocksource likasema hpet. Mashine ya pili isingesaidia kitu.

Nimeisimulia kwa sababu inaonyesha kazi ya sehemu mbili ndogo za rekodi. Ya kwanza ni zile biti chache za alama kwenye kichwa, zinazosema kama sampuli ilichukuliwa upande wa kerneli au wa programu ya kawaida. Ya pili ni mnyororo wa wito: orodha ya anwani za baiti 8 kila moja, ikiwa na alama maalumu inayotenganisha sehemu ya kerneli na ya programu. Bila mnyororo ningejua tu kwamba kerneli inasoma saa, na ningebaki nikiuliza kwa ajili ya nani. Mnyororo wa viwango 30 unaongeza kama baiti 260. Kwa sampuli 99 kwa sekunde na prosesa 32 zote zikiwa kazini, ni karibu megabaiti 1 kwa sekunde. Diski ya seva haiusikii mzigo huo. Kikomo cha kawaida cha kina ni viwango 127, na hata hivyo rekodi haizidi sana kilobaiti 1.

Hapo ndipo sifa zangu zinapofika mpaka, kwa sababu ya fremu pointa. Ili kufuata mnyororo kwa bei hiyo, perf inahitaji kila fanksheni iwe imehifadhi rejista inayoonyesha fremu iliyotangulia. Kwa miaka mingi kompaila zimekuwa zikiiondoa ili rejista hiyo itumike kwa kazi nyingine, na matokeo yake minyororo ya programu hukatika baada ya hatua moja au mbili. Dawa ambayo perf inatoa ni chaguo la --call-graph dwarf, na dawa hiyo inavunja kanuni yote niliyoisifu. Badala ya kuandika anwani chache, inanakili kipande cha steki ya programu (kumbukumbu ya wito unaoendelea), baiti 8,192 kwa kila sampuli usipobadilisha, ili steki ifumuliwe baadaye. Zaidi ya hapo, nafasi hiyo hukaliwa kwenye bafa hata kama steki iliyosomeka kweli ni fupi. Ndiyo maana mwishoni mwa rekodi kuna namba ya ziada inayosema ni baiti ngapi kati ya hizo ni za kweli.

Pigeni hesabu wenyewe. Baiti 8,192 mara sampuli 4,000 ni zaidi ya megabaiti 32 kwa sekunde kwa prosesa moja. Kwa prosesa 32 ni zaidi ya gigabaiti 1 kwa sekunde. Bafa ya kawaida ni kilobaiti 512 kwa kila prosesa: kwa rekodi za baiti 40 inabeba zaidi ya sampuli 13,000, yaani sekunde 3 na ushei za kupumua kabla msomaji hajafika. Kwa rekodi za dwarf inabeba zipatazo 60, na inajaa kabla hata sehemu 2 za mia za sekunde hazijaisha. Mtu akiniambia perf imemwangushia seva, swali langu la kwanza ni kama aliandika dwarf na akasahau kupunguza -F.

Kwa sababu hiyo niliufurahia sana uamuzi wa Fedora 38, mwaka 2023, na Ubuntu 24.04, mwaka 2024, wa kurudisha fremu pointa kwenye vifurushi vyao. Kulikuwa na mabishano makali kuhusu asilimia ndogo ya kasi inayopotea. Kwa mtu anayelala na simu ya zamu kando ya mto, mnyororo kamili wa wito kwa bei ya baiti mia mbili na kitu una thamani kuliko asilimia ile. Kama unajenga programu zako mwenyewe, weka -fno-omit-frame-pointer na usiitoe.

Jambo jingine ninalolithamini kwa moyo wote ni jinsi perf inavyokiri. Bafa ikijaa, kerneli haiandiki juu ya kile ambacho hakijasomwa. Inaziacha sampuli mpya zipotee, inahesabu zimepotea ngapi, na nafasi ikipatikana inaandika rekodi ya aina ya LOST yenye idadi hiyo. Kwa kipimio hili ni jambo kubwa, maana sampuli hazipotei kwa usawa. Zinapotea pale ambapo mashine imebanwa zaidi, yaani pale pale ulipotaka kupaona. Kipimio kinachozimeza kimya kitakuchorea picha ya nyakati tulivu na kukuaminisha kuwa ndiyo hali halisi. Ninachokilalamikia ni kwamba perf report hutoa onyo lake mwanzoni na wengi hulipita. Ningependa idadi ya zilizopotea ikae juu ya ripoti yenyewe, kando ya jumla ya sampuli, bila namna ya kuikwepa.

Kujizuia nako kumepangwa vizuri. Kikomo cha awali ni sampuli 100,000 kwa sekunde, yaani nanosekunde 10,000 kwa kila moja, na kerneli imeruhusiwa kutumia asilimia 25 ya muda huo. Mkatizo ukizidi nanosekunde 2,500 kwa wastani, kerneli yenyewe inashusha kikomo na kuandika kwenye dmesg kwamba mkatizo umechukua muda mrefu mno. Ukiuona mstari huo usiogope, umelindwa. Ila mimi naona robo nzima ya prosesa ni ukarimu uliopitiliza kwa seva ya uzalishaji, na kwenye mashine zetu perf_cpu_time_max_percent huwa naishusha.

Je, baiti 40 zingeweza kupungua? Ndiyo, na mahali pa kujifunza hapako mbali. Ftrace, kifuatiliaji cha matukio kilicho ndani ya kerneli hiyo hiyo, ina bafa ambayo kichwa cha tukio ni baiti 4 tu: biti 5 za aina na urefu, na biti 27 za muda uliopita tangu tukio lililotangulia. Muda kamili unaandikwa mara moja kwa kila ukurasa. Biti 27 za nanosekunde zinatosha takriban milisekunde 134. Pengo likizidi hapo, inaongezwa rekodi ya kurefusha muda. Perf, kwa kazi hiyo hiyo ya kichwa na muda, hutumia baiti 16. Tena ukipima mashine nzima kwa -a, kila rekodi hubeba namba ya prosesa kwa baiti 8, nne kati yake tupu kabisa, wakati bafa yenyewe ni ya prosesa moja na namba hiyo haiwezi kubadilika humo ndani.

Hata hivyo, kwenye suala la muda nasimama upande wa perf. Ftrace inaweza kuandika mamilioni ya matukio kwa sekunde, hapo kila baiti ni vita. Kwa sampuli 99 au hata 4,000, rekodi inayojitegemea ina faida: ikipotea moja, inayofuata bado ina muda wake kamili, na unaweza kuchanganya rekodi za bafa 32 na kuzipanga kwa muda bila kufuatilia minyororo ya tofauti. Namba ya prosesa ndiyo nisiyoitetea.

Ilikuwepo njia nyingine kabla yake, na inastahili kukumbukwa. Mwaka 1997 watafiti wa kampuni ya Digital walieleza mfumo wao wa DCPI wa mashine za Alpha, ambao haukuandika mfululizo wa rekodi. Ndani ya mkatizo, ulitafuta kwenye jedwali dogo la kila prosesa kama jozi ya prosesi na anwani ile ile ipo tayari, na ikiwepo uliongeza hesabu kwa moja. Gharama waliyoripoti ilikuwa asilimia 1 hadi 3, na waliweza kuuacha ukiendeshwa mfululizo. Siku hizi njia hiyo imerudi kupitia BPF (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli), ambapo kerneli hujumlisha minyororo inayofanana na kutoa jumla tu. Kwa upimaji wa saa 24 ndiyo ninayoichagua. Lakini ukijumlisha, muda unapotea, na tatizo linalochomoza kwa nusu sekunde kila dakika linazama ndani ya wastani. Rekodi za perf zina saa, hivyo naweza kukata kipande hicho cha nusu sekunde na kukitazama peke yake.

Kwa anayetaka kuandika kisomaji chake mwenyewe, onyo: mpangilio wa viwanja ndani ya sampuli haufuati mpangilio wa biti za sample_type, namba inayosema sampuli ina nini. PERF_SAMPLE_IDENTIFIER ni biti ya 16, lakini kwenye rekodi hukaa mwanzo kabisa, baada tu ya kichwa, ili ujue sampuli ni ya tukio lipi kabla hujajua umbo lake. Ina mantiki, ila ilikuja baadaye na inaonekana hivyo. Someni ukurasa wa mwongozo wa perf_event_open mstari kwa mstari. Ni mrefu, na hakuna njia ya mkato.

Kuahirisha majina nako kuna deni lake. Kwa programu za C zilizotulia halidaiwi: perf huhifadhi kitambulisho cha kila faili la programu, kwa hiyo ukisasisha kifurushi kesho haitakupa majina ya toleo jipya kwa anwani za zamani. Java na Node ndizo zenye shida, kwa sababu hutengeneza msimbo zikiwa mbioni. Anwani inayoandikwa ni sahihi, lakini jina lake lipo tu kama mazingira yenyewe yameandika faili la /tmp/perf-PID.map, na eneo lile likishatumiwa tena na fanksheni nyingine, ripoti inaweza kutaja jina lisilohusika. Kwa huduma zetu za Java naipima kwa vipindi vifupi na kuchukua faili la ramani mara moja baada ya kipindi.

La mwisho, kwa wenzangu mnaokodi mashine pepe kwenye wingu. Kabla ya lolote, endesha perf stat kwenye amri yoyote ndogo. Ukiona <not supported> kando ya cycles, mwenye mashine hajakupa vihesabio vya prosesa, na perf record itahamia cpu-clock inayotumia saa ya kerneli badala ya NMI. Sampuli hazitaweza kuchukuliwa wakati kerneli imezuia mikatizo; zitarundikana pale inapoiruhusu tena, na _raw_spin_unlock_irqrestore itapanda juu ya ripoti bila kuwa na hatia. Kwa msimbo wa programu zako, ripoti hiyo bado inafaa. Kwa kuchunguza kerneli, tafuta mashine ya chuma, yaani isiyo pepe, au aina ya mashine pepe inayotoa PMU (vihesabio hivyo vya prosesa), kisha uanze na -F 99 -a -g.